Maji Safi Mno

Voi, Jumapili jioni

Wakesho,

Begi lako liko mlangoni na nimeona limefungwa, kwa hiyo sitakuandikia habari za neti, dawa za malaria, wala namna ya kupika maharagwe bila kuunguza sufuria. Hayo baba yako amekueleza vya kutosha, na atakueleza tena kesho asubuhi kwenye stendi huku dereva wa basi akipiga honi. Mimi nataka kujibu neno moja tu ulilosema jana.

Ulikuwa umeinama mbele ya tangi, tochi mkononi, ukiangalia ncha za lile tumbawe la matawi tunaloliita Mzee. Ncha zimepauka. Ukasema, "Kesho kutwa siendi. Nitawapigia simu niwaambie nakuja wiki ijayo." Nikakukumbusha walivyokuambia kule pwani, kwenye kitalu cha matumbawe ulikopata kazi, kwamba anayechelewa kuripoti nafasi yake inakwenda kwa aliyefuata. Ukajibu bila kugeuka, "Mama, nikikupa kisogo tu, utaongeza taa."

Baba yako alicheka hadi chai ikamwingia puani. Mimi sikucheka. Nimeishi kwa kuuliza watu maswali. Nikiulizwa mimi, hunichukua muda. Jibu lenyewe ndilo hili, na lina urefu kidogo.

Tangi lilikuja nyumbani kwa sababu ya ndovu. Hilo umelisikia, lakini huenda hukumbuki lilivyoanza, ulikuwa bado mdogo. Gazeti lilinituma upande wa Ndara kuandika habari za ndovu waliovunja tangi la maji ya mifugo kwenye ranchi moja. Nilipofika, wachungaji walikuwa wamekwisha kuliziba, na habari yangu ilikuwa imekauka pamoja na matope. Mwenye loji ndogo jirani na hapo akanikaribisha chai. Alikuwa anafunga biashara arudi kwao. Pale mapokezi alikuwa na tangi la kioo lenye samaki wachache na matumbawe hai, vipande vya kukuzwa alivyovipata kwa kibali, na hakuwa na wa kumwachia. Aliniuliza kama nyumbani kwangu kuna stima ya uhakika. Nikasema iko. Alikuwa mgeni, hakuijua Voi.

Baba yako aliona pikapu inaingia uani akasimama na kikombe chake. "Umetumwa ndovu, umeleta bahari?"

Wewe uliweka paji la uso kwenye kioo, na swali lako la kwanza lilikuwa, "Wanakula nini?" Nikakujibu, "Mwanga." Ndivyo yule mwenye loji alivyoniambia, nami nikalipitisha neno lake kama lilivyo. Kazini sikuwahi kuandika jambo kwa kumtegemea mtu mmoja. Nyumbani nilifanya hivyo bila kufikiri.

Lilikuwa nusu ya jibu. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani mdogo usioonekana kwa jicho, na mwani huo ndio unaotumia mwanga kutengeneza sukari, kisha unamgawia mwenye nyumba. Lakini mwani ni mmea, na mmea hauishi kwa jua peke yake. Unahitaji naitreti na fosfeti, zile zinazotoka kwenye kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, yaani ule uchafu tunaouona ni wa kutupwa. Ningemuuliza mkulima yeyote wa Bura angeniambia: panda mahindi kwenye jua kali na udongo uliosombwa rutuba na mvua, uone yatakavyokuwa manjano. Nimezaliwa na kulelewa Bura, kati ya mahindi hayohayo. Sikuuliza.

Sasa nije kwa nyanya yako na kibuyu chake.

Ulipokuwa unakwenda kidato cha kwanza, mama mkwe wangu aliteremka kutoka Mwanda, kule milimani, kukuaga. Alikuja na pombe ya miwa, kwa sababu kwake mtoto haondoki nyumbani kabla hajatasiwa. Wewe wayajua haya, ila wenzako wa pwani watakuuliza, uweze kuwaeleza: anayetasa hujaza kinywa, hupuliza matone hewani, na kati ya pulizo moja na jingine hunena maneno ya heri, ili kinyongo chochote alicho nacho moyoni kitoke nje na kisimfuate anayekwenda. Mimi nimekulia karibu na misheni, kwenye nyumba ambako pombe ilitajwa kwa sauti ya chini. Nilisimama pembeni nimekunja mikono.

Alipomaliza nawe, aligeukia tangi.

"Na hawa ndio wanaobaki?"

"Ni matumbawe, mama," nikasema.

"Yana uhai?"

"Yana."

"Basi nao wataachwa na mtu wao." Akajaza kinywa, akapuliza juu ya maji, kwenye kona ya nyuma alikosimama. Kisha, kwa vile si mtu wa kurudi Mwanda na kibuyu chenye kitu ndani, akamimina kilichobaki palepale. "Mgeni naye anywe," akasema.

Kesho yake maji yalikuwa kama ya kuoshea mchele. Sukari ile ililisha bakteria, bakteria wakaongezeka, wakatumia hewa yote, na samaki wakapanda juu kuhema. Niliongeza pampu ya hewa, nikabadilisha sehemu ya maji. Baada ya siku chache samaki walitulia na ule ukungu ukaondoka. Kufikia hapo nilikuwa nimefanya sawa. Hapo ndipo nilipaswa kuweka ndoo chini.

Sikuweka. Kwetu milimani maji mazuri ni yale unayoona mawe ya chini. Mama yangu alinifundisha kuchota mapema kabla ng'ombe hawajavuka, na maji yenye vumbi kidogo tu tuliyamwaga. Basi nikaendelea. Nilibadilisha maji tena, na tena. Unajua kazi yenyewe: maji ya bomba ya Voi yanaacha weupe kwenye sufuria, kwa hiyo ni kukinga ya mvua, kuyachuja, kuyakoroga na chumvi, kuyabeba. Niliongeza kichujio cha kunyonya fosfeti. Nikapunguza chakula cha samaki, wasichafue. Maji yakawa safi hata wageni wakadhani samaki wananing'inia hewani.

Na matumbawe yakapendeza. Hili ndilo nataka ulishike, kwa sababu utakutana nalo huko uendako. Ule ukahawia wao ukapungua, ikatokea kijani ya ndimu, waridi, na buluu kama ya sare mpya kabla haijafuliwa. Kila aliyeingia alisifu. Mchungaji wa kanisani alipiga picha. Mimi nikaona nimepatia, nikashika kile kidude cha kuzungusha kwenye taa nikaongeza mwanga, na wiki iliyofuata nikaongeza tena, hadi kikagota mwisho. Sikujua kuwa rangi zile zilionekana kwa sababu mwani wa ndani ulikuwa unakwisha. Nilikuwa nakondesha wanyama, na watu wakinipongeza kwa wembamba wao. Kisha nikawapandishia mwanga, ambao kwa mwenye njaa ni sawa na kumuongezea mzigo.

Wakaanza kuambuka ngozi. Nyama ilibanduka kutoka chini kwenda juu, ukabaki mfupa mweupe.

Ulirudi likizo fupi, ukatua sanduku, ukasimama. Hukulia. Uliuliza, "Umewapa nini?"

"Sijawapa kitu kibaya."

"Sijauliza kibaya."

Nami nikasema, "Ni ile pombe ya nyanya yako."

Sentensi hiyo ilinitoka kwa urahisi sana, na nimeirudia miaka yote tangu wakati huo. Nimeisema kwenye harusi, kwenye matanga, kwa shangazi zako, kwa majirani waliouliza mifupa ile myeupe rafuni ni ya nini. "Tangu mama mkwe amwage ile pombe yake." Ilichekesha watu. Ilimfikia Mwanda, kama maneno yote yanavyofika. Nyanya yako akaacha kuteremka Voi. Alisema ni magoti.

Tumbawe moja lilibaki hai, huyo Mzee. Alikuwa kona ya nyuma, kivulini, chini ya jiwe lililojitokeza. Soma tena nilipoandika nyanya yako alimimina wapi. Kama pombe ndiyo iliyoua, wa kwanza kufa angekuwa Mzee, maana ilimshukia kichwani. Walikufa waliokuwa mbele, chini ya taa niliyokuwa nikiizungusha kila wiki. Wote walikuwa kwenye maji yaleyale yasiyo na chakula. Tofauti yao ilikuwa mwanga. Ushahidi huo ulikuwa sebuleni kwangu, nyuma ya kioo, na nilipita mbele yake kila asubuhi nikienda kutafuta ushahidi wa mambo ya watu wengine.

Wewe ndiye uliyeleta vipimo, vile vya matone na vichupa. Uliweka matone, ukatikisa, tukangoja rangi. Rangi haikuja, si ya naitreti, si ya fosfeti. Nikafurahi. "Unaona? Safi!"

Ulinitazama jinsi mtoto anavyomtazama mama yake akisimama kanisani kutoa tangazo refu. "Mama, hiyo ni kusema sufuria ni safi kwa sababu hakuna aliyepika."

Ungedhani hapo nilijifunza. Nilijifunza nusu, kama kawaida yangu. Ulipopanda shuleni nilitoa vichujio, nikawalisha samaki mpaka wakakataa. Mzee akageuka rangi ya kahawa, kioo kikaota manyoya ya kijani, na baba yako akauliza kama tunafuga nyasi siku hizi. Nilikuwa kama dereva aliyesinzia akaelekea mtaroni, akashtuka, akapiga usukani hadi mtaro wa ng'ambo. Tulichofanya baadaye, wewe na mimi, ndicho pekee kilichofaa, nacho hakina la kusimulia: chakula kidogo, taa chini, kupima, kungoja. Mwani ndani ya Mzee ukitulia, taa juu kidogo sana, kupima, kungoja. Jambo moja kwa wakati mmoja. Ukipandisha mwanga, na haja ya chakula inapanda. Ukipandisha chakula bila mwanga wa kutosha, utakaoshiba ni mwani wa kwenye kioo. Ukigusa vyote viwili siku moja, hutajua ni kipi kilichosaidia na kipi kilichoharibu, na utaishia kusimulia hadithi kuhusu mama mkwe wako.

Vipande vyote vilivyo kwenye tangi leo vilikatwa kwa Mzee. Ndiyo maana naelewa unavyozitazama ncha zile.

Sikulinganishi na tumbawe; tumbawe halijibu na wewe unajibu sana. Ila kuna kipindi karibu na mtihani wako wa mwisho niliona maksi zako zinapanda, nikaongeza tuisheni. Zikapanda tena, nikafuta likizo za Mwanda, kwamba kule unapoteza muda na binamu zako kuiba miwa. Walimu walinipongeza. Nyumbani ulikuwa ukila kimya na kwenda kulala. Niliona ule ukimya nikauandika kichwani kuwa ni ukomavu. Baba yako ndiye aliyekupandisha Mwanda siku moja bila kuniuliza, ukarudi na magoti yenye makovu na hadithi ndefu ambayo hatukuielewa. Sikumshukuru wakati ule. Nimemshukuru leo mchana. Akauliza kama nina homa.

Basi, kuhusu ncha za Mzee. Ile taa ya zamani iliungua stima iliporudi kwa nguvu mwezi uliopita, tukanunua mpya, nayo ni kali zaidi. Tuliiwasha kwa kiwango kilekile cha ile ya zamani, na hilo lilikuwa kosa letu sote wawili. Wewe ukaligundua, ukapunguza, ukaiinua kwenye mnyororo mbali na maji. Leo alasiri ulipokuwa umeenda kusuka nywele, nilipima. Naitreti ilitoa waridi hafifu. Fosfeti ilitoa buluu ambayo ilinibidi niipeleke dirishani kuiona, lakini ipo. Nikarudia vipimo vyote viwili, na mara ya pili nikamwita baba yako asome rangi bila kumwambia mimi nimeona nini. Akasoma vilevile. Chakula kipo. Mwanga umekwisha kushushwa. Kilichobaki ni muda.

Kwa hiyo ukikaa wiki nzima hapa, kazi utakayoifanya ni kungoja. Kungoja hakuhitaji diploma yako. Kule unakokwenda kuna matangi mengi, na vipande vinavyongojewa baharini, na watu ambao huenda wataanza kupongezana kwa rangi nzuri. Uwepo. Uliza zilikuwa rangi gani mwezi uliopita, na nani alishika taa.

Lipo jingine. Asubuhi baada ya ibada niliondoka, na wewe ulidhani nimekwenda kununua viazi. Viazi nilinunua, lakini nilikwenda Mwanda. Magazeti yakikosea hutoa masahihisho, ukurasa wa ndani, kwa herufi ndogo. Niliona hili langu lipelekwe kwa mwenyewe, mkononi.

Nyanya yako alikuwa nje, amekalia kigoda, anaambua maharagwe. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Nikamsalimia, nikakaa chini, nikasema, "Mama, nimekuja kwa ajili ya ile pombe."

"Umeishiwa?"

"Ile uliyomimina kwenye tangi. Haikuua. Mimi ndiye niliyeua, kwa usafi na kwa taa. Na nimekusema vibaya kwa watu."

Akaambua ganda jingine. "Mkamwana, nusu ya kibuyu kile niliimaliza mwenyewe njiani, na mpaka leo niko hapa. Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Mwandishi wa habari ni wewe."

Nilikubali. Nikamuuliza magoti yakoje.

"Yamepona sasa hivi," akasema.

Kesho atakuwa hapa kabla hujaondoka, na kibuyu. Tulijadiliana masharti. Atapuliza popote ndani ya nyumba yangu apendapo, na tangi nitalifunika kwa leso mbili. "Hata tone?" akauliza. Nikasema hata tone. Akasema kwa uchoyo huo matumbawe yangu hayatakonda tena, bali watu ndio watakaokonda. Akaniambia pia kuwa mara ile nilisimama pembeni nimekunja mikono, na kwamba kutasa hakukamiliki kama mama wa mtoto amebaki na neno kifuani. Kesho na mimi nitajaza kinywa. Katekista aliyenifundisha alishafariki, na sidhani angeshangaa sana, alinijua.

Sasa nirudi kwenye neno lako la jana. Ulisema nikipewa kisogo nitaongeza taa. Nimelifikiria kama ninavyofikiria tuhuma yoyote, na nimeona lina msingi. Nikipita pale jioni nikaona Mzee bado amepauka, mkono wangu utakwenda wenyewe. Ulikwenda zamani, ukaenda tena. Sitakuahidi kuwa mimi ni mtu mpya.

Ndani ya bahasha hii utakuta kidude cheusi cha plastiki, kile cha kuzungushia taa mpya, chenye alama nyeupe ubavuni. Nimekivuta kutoka kwenye taa ikiwa kwenye kiwango ulichoweka wewe. Nimejaribu kuzungusha kijiti kilichobaki kwa vidole, kisha kwa koleo la baba yako, na hakigeuki. Nikihitaji kupunguza, naweza kuiinua taa kwenye mnyororo. Kuongeza siwezi.

Nitakutumia picha za ncha kila Jumapili, hata zikiwa mbaya. Mzee akiwa tayari kwa mwanga zaidi, utaona mwenyewe kwenye picha, utaomba ruhusa kazini, utakuja nacho.

Panda basi.

Mama yako